Niambie Kwanza Gari Linalala Wapi

“Dada, nimenunua IST nyeusi, imetoka Japani, rangi bado inawaka. Naishi Dar, naegesha nje. Dukani wameniwekea makopo mawili mezani: moja nta, jingine wanaliita silanti. Bei zimepishana sana. Nichukue lipi?”

Badilisha rangi ya gari na jina la mji, hili ndilo swali la magari linalonifikia kuliko yote. Wengine wana Vitz nyeupe na wako Tanga, wengine wana pikapu ya kubebea mizigo na wako Mombasa. Wote wanataka niwatajie kopo. Leo sitaji kopo mpaka tuzungumze.

Mdogo wangu, nijibu mambo matatu. Gari linalala wapi? Nani analiosha? Na wewe mwenyewe, bila kujidanganya, utalishughulikia mara ngapi kwa mwaka? Majibu hayo matatu ndiyo yanayochagua. Muuza duka hata awe mjuzi vipi hawezi kukuchagulia, kwa sababu hajui kwamba gari lako linalala chini ya mwembe, wala hajui kwamba Jumamosi yako yote inaishia sokoni na kwenye vikao vya harusi.

Unachokilinda ni chembamba

Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Juu ya bati kuna rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, ile nyeusi au nyekundu unayoiona, na juu kabisa kuna tabaka angavu ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Mng’ao wote unaojivunia unatoka kwenye klia. Kwa kawaida klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani mwako mara nyingi ni mnene kuliko hapo.

Ndani ya klia kuna kemikali za kumeza miale mikali ya jua, nazo hupungua mwaka hadi mwaka. Zikiisha, boneti na paa, sehemu zinazotazamana na jua la saa sita, huanza kufifia, kisha klia hubanduka magamba meupe. Ikifika hapo hakuna kopo la kuirudisha. Hiyo ni kazi ya fundi rangi na bunduki yake. Na kumbuka, gari ulilonunua halikuwa jipya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na hapa Tanzania mengi tunayoyanunua yamezidi hapo. Ile klia umeipokea ikiwa imeshafanya kazi miaka mingi kwa mwenzako. Iliyobaki ndiyo yako, itunze.

Pwani ina maadui wake. Jua, bila shaka. Chumvi ya bahari, hasa kwa wanaovuka na pantoni Kigamboni au Likoni kila siku. Utomvu wa mwembe. Kinyesi cha popo. Na kunguru, wale ambao asili yao ni Bara Hindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, na leo wanatuchafulia magari. Halafu kuna adui ambaye hatumtaji: ndoo ya povu la sabuni ya kufulia. Sabuni ya unga imetengenezwa kung’oa mafuta kwenye nguo. Ukiosha nayo gari, inang’oa na kinga uliyoilipia.

Kopo la kwanza: nta

Nta inayosifiwa kwenye makopo haya ni karnauba. Inatoka kwenye mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, hasa majimbo ya Piauí, Ceará na Rio Grande do Norte. Kule kuna kiangazi kirefu, na mti hujipaka nta kwenye majani ili maji yasiupotee. Watu hukata majani, huyaanika, huyapukuta unga wake na kuuyeyusha. Umeshaishika nta hii bila kujua, maana imo kwenye rangi nyingi za viatu za kopo.

Sifa yake ni kustahimili joto. Nta ya nyuki, ile nzuri inayotoka Tabora, huyeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Karnauba hungoja mpaka 82 hadi 86. Na boneti nyeusi iliyoachwa juani mchana inaweza kupita nyuzi 60, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo. Tatizo ni kwamba karnauba tupu ni ngumu mno, huwezi kuipaka kwa kitambaa. Kiwandani huichanganya na viyeyushi, mafuta na nta laini zaidi. Kwa hiyo ukiona kopo limeandikwa “karnauba asilimia 100”, elewa kwamba hiyo ni habari ya nta iliyomo, wala si kopo zima.

Uzuri wa nta ni huu: inapakika kirahisi, inafutika kirahisi, haimwadhibu anayejifunza, na kwenye rangi za giza, yaani nyeusi, damu ya mzee na bluu ya usiku, inaleta mng’ao wenye kina unaomfanya jirani asimame. Ubaya wake ni kwamba haikai. Wiki 4 hadi 8 ndiyo kawaida yake. Kwa gari linaloshinda juani pwani, jiandae kwa wiki 4, usihesabu 8.

Kopo la pili: silanti

Silanti haitoki mtini. Ni polima za kiwandani, nyingi zikiwa za jamii ya silikoni, zilizotengenezwa ili zishikamane na klia na kuganda juu yake. Ikipakwa vizuri hukaa miezi 4 hadi 6, na huvumilia jua na sabuni kuliko nta. Mng’ao wake ni mkali na safi kama wa kioo, hauna kile kina cha nta. Kwenye nyeupe na rangi ya fedha wala hutaona tofauti. Kwenye nyeusi mwenye jicho ataiona.

Lakini ina masharti. Inataka klia iwe tupu kabisa. Ukiipaka juu ya nta ya mwezi uliopita ni sawa na kupaka rangi ya kucha kwenye kucha yenye mafuta: itakaa siku mbili tatu kisha itatoka. Pia nyingi zinataka saa 12 hadi 24 bila kuguswa na maji ili zigande. Soma maelezo ya kopo lako, na uangalie wingu kabla hujaanza.

Basi, lipi?

Sasa rudi kwenye majibu yako matatu.

Gari linalala nje, linaoshwa na vijana wa pale kwenye mashine ya kuoshea magari, na wewe huna muda: chukua silanti. Huo ndio ushauri wangu kwa mwenye IST nyeusi, na kwa wengi wenu. Najua nyeusi inapendeza kwa nta. Lakini nta inayotaka kurudiwa kila mwezi kwa mtu asiye na mwezi wa kurudia ni fedha iliyotupwa. Kati ya kinga nzuri kidogo iliyopo na kinga nzuri sana iliyokwisha, chukua iliyopo. Panga kupaka mara tatu kwa mwaka: Februari kabla ya masika, Juni mvua zikiisha, na Oktoba kabla ya vuli na lile jua la kaskazi linalofuata.

Gari linalala bandani, ni la rangi ya giza, na wewe ni mtu wa kufurahia kulishughulikia Jumapili asubuhi huku redio inaimba: chukua nta, wala usimwonee mtu haya. Kopo la gramu 200 litakuhudumia muda mrefu, kwa sababu gari dogo linakula kidogo sana kila mara.

Gari ni la biashara, linaoshwa kila siku na wateja wanapanda na kushuka: silanti ya kupuliza, ile ya maji maji unayoipuliza baada ya kuosha na kufuta. Haikai kama ya kopo, lakini dakika 10 zinatosha na unairudia bila kuumia.

Unataka vyote viwili? Inawezekana, ila kwa utaratibu. Silanti kwanza, iache igande, kesho yake nta juu yake. Usigeuze.

Kuna wawili ambao nawaambia wasinunue chochote kwa sasa. Wa kwanza ni mwenye gari lililotoka kupigwa rangi juzi. Rangi mpya ya gereji inahitaji kupumua. Viyeyushi vyake vinaendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Muulize fundi wako muda, na akikuambia miezi miwili au mitatu usimwone mzembe. Wa pili ni mwenye gari ambalo rangi imeshapauka. Nta juu ya rangi iliyopauka inang’aa siku mbili, kisha unarudi palepale. Huyo anahitaji polishi kwanza.

Na hapa muwe makini, maana dukani kila kopo linaitwa polishi. Tofauti ni hii: polishi halisi ina chembe laini za kusugua, na kazi yake ni kuondoa sehemu ndogo ya klia iliyochoka ili iliyo nzima ionekane. Nta na silanti zinaongeza tabaka, polishi inapunguza. Ndiyo maana usimruhusu mtu akupigie mashine ya kung’arisha kila unapokwenda kuosha gari. Klia ina maikroni 40 hadi 50 tu, na kila anayesugua anaondoka na chake. Akija na mashine yake muulize: “Unatumia dawa gani, inasugua au inalinda?” Asipojua kujibu, mshukuru na uwashe gari.

Kazi iko kwenye maandalizi

Ukiniuliza fedha yako iende wapi zaidi, sitasema kwenye kopo ghali. Nitasema kwenye kuosha. Nta ya bei ya kati kwenye rangi safi inaishinda ya bei mbaya iliyopakwa juu ya vumbi.

Osha kivulini, boneti ikiwa baridi. Weka kiganja juu yake; kama huwezi kukiacha, ngoja. Vua pete na bangili, angalia na mkanda wa suruali. Mwagia maji kwanza vumbi liondoke lenyewe kabla hujagusa kwa kitambaa, kwa sababu mikwaruzo ile ya duara unayoiona juani kwenye gari jeusi ni vumbi lililosuguliwa na dasta kavu. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Anza paa, shuka chini, matairi na rimu ziwe mwisho, kwa kitambaa chao. Kausha kwa taulo la mikrofaiba. Usiache gari likauke lenyewe, hasa kama unatumia maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi na huacha miduara myeupe.

Kisha fanya jaribio hili. Vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Mfuko huongeza hisia za vidole. Ukisikia vijipunje kama sukari iliyomwagika, hapo kuna uchafu uliojishika ambao sabuni haiutoi: chembe za chuma kutoka kwenye breki, utomvu, lami. Huo hutolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Unalowesha rangi kwa maji ya shampuu, unatelezesha udongo bila kukandamiza, mpaka vidole visikie ulaini. Ukidondoka chini, utupe. Usiuokote, maana umeshabeba mchanga.

Kupaka ni rahisi. Kidogo, chembamba, sehemu moja baada ya nyingine: mlango, kisha mlango. Wengi wanapaka nene wakidhani wanaongeza kinga. Wanachoongeza ni jasho la kufuta. Ngoja ikauke, kisha pitisha kidole. Kikiacha njia safi inayong’aa, futa. Kikiacha ukungu, ngoja kidogo. Epuka plastiki nyeusi za bampa na mipira ya milango, kwa sababu nta ikikauka hapo huacha alama nyeupe sugu. Kioo cha mbele nacho kiache, la sivyo waipa zitakutengenezea ukungu usiku wa mvua.

Kuhusu vijana wa kuosha gari

Sikuambii uache kuwapelekea gari. Wana familia na wanafanya kazi. Ninachokuambia ni kwamba nenda na vifaa vyako: chupa ya shampuu, mataulo mawili, basi. Sema kwa heshima: “Kaka, naomba utumie hivi vyangu, na unimwagie maji kwanza kabla ya kugusa.” Mpe chake na kidogo juu. Baada ya mara mbili tatu atalijua gari lako kuliko unavyolijua, na atakuonyesha mkwaruzo mpya kabla hujauona. Ukinyamaza na kukaa kwenye simu, gari lako litafutwa na dasta iliyotoka kufuta daladala yenye tope la Mbagala.

Maswali ya haraka

*Wananipaka dizeli au mafuta ya taa, gari linang’aa sana. Kuna ubaya?* Upo. Ule ni utelezi wa mafuta, haulindi chochote. Unavuta vumbi kabla hujafika nyumbani, na mafuta hayo yanaharibu mipira ya milango.

*Nitajuaje kinga imekwisha?* Mwagia maji kwenye boneti safi. Yakijikusanya matone na kukimbia, bado ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha. Gari liwe limeoshwa kwanza, kwa sababu vumbi likifunika kinga, maji yanalala hata kama kinga ipo.

*Gari langu ni la zamani sana, sijui kama lina klia.* Chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, huna klia. Unasugua rangi yenyewe, kwa hiyo nenda polepole.

*Seramiki je?* Ile ya kweli ina silika ndani yake, inaganda ngumu, na inaweza kukaa mwaka au zaidi. Gharama kubwa iko kwenye maandalizi, kwa sababu kila mkwaruzo uliopo utafungiwa chini yake. Inafaa kwa rangi mpya au iliyotoka kurekebishwa na fundi anayejua. Na bado utaosha. Ile ya kupuliza ya bei rahisi yenye jina hilo kubwa, ichukulie kama silanti.

*Kunguru ameshafanya yake, nifute?* Usifute kikavu, kuna mchanga na mbegu ndani. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika chache, kilainike, kisha nyanyua. Fanya leo, maana kikilala juani kinaila klia, na nta inakupa muda tu, haikupi msamaha.

*Miduara ya maji ya chumvi haitoki.* Jaribu siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kivulini, kisha suuza vizuri. Itaondoka na kinga yako pia, kwa hiyo paka upya sehemu hiyo.

*Nta itazuia kutu?* Juu ya rangi nzima, husaidia. Kutu ya pwani huanzia penye jiwe lililochubua rangi, na chini ya gari, ambako nta haifiki. Ukitoka pantoni au ufukweni, mwombe kijana apige maji baridi ya bomba chini ya gari na ndani ya matao ya matairi. Palipochubuka pagusie rangi mapema.

*Nataka kupaka rangi upya mwezi ujao, nipake silanti kwa sasa?* Usipake. Silikoni ikibaki, rangi mpya inakataa kushika na kutoa vitundu vitundu ambavyo mafundi wanavijua vizuri. Na kama umeshapaka, mwambie fundi ukweli mapema ili aioshe kwa dawa yake.

Mwenye IST nyeusi, nadhani umeshapata jibu lako. Nunua silanti, na ile tofauti ya bei isikutishe. Igawe kwa miezi inayokaa, utaona nani ghali. Kabla hujailipia, nunua shampuu ya gari na mataulo mawili, kwa sababu bila hivyo hata kopo la dhahabu litaishia kwenye mtaro wa pale kwa mashine. Nyumbani, andika tarehe ya kupaka juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito. Miezi minne ikipita, mwagia maji boneti, uangalie yanakimbia au yanalala, kisha ufanye yanavyokuambia.